Maikroni Tano

Saa tatu na robo, simu ya ukutani:
"Kinakuja. Titi la kushoto. Mama yuko wazi mezani."
Hawasemi jina. Na mimi siulizi.

Nje Maskati inachemka, nyuzi arubaini na sita,
lami ya maegesho inang'ang'ania soli za viatu.
Humu nafungua kifuniko cha kabati langu
na baridi, ishirini chini ya sifuri,
inanilamba vifundo vya mikono.
Mashine hii haina jina katika Kiswahili cha kwetu.
Bibi yangu Ghaniya, aliyezaliwa Tabora akazikwa Ibra,
niliwahi kumweleza kazi yangu; akafikiri, akasema:
"Kumbe wewe ni mkata barafu."
Nusu yake, bibi.

Kipande chenyewe hakizidi kokwa ya tende.
Nakilaza juu ya kisahani cha chuma,
nakimwagia gundi nzito kama uji wa mgonjwa,
nangoja iwe nyeupe.
Titi lina mafuta, na mafuta yana ubishi:
nyama imeshakuwa jiwe, yenyewe bado yanatafakari.

Nazungusha gurudumu.
Cha kwanza kinachanika.
Cha pili kinajikunja kama msokoto wa tumbaku.
Nausogeza wembe, upande ambao haujaonja kitu.
Simu inalia. Acha ilie.

Mzee Varghese aliyenifundisha, aliyerudi kwao Kottayam
na goti bovu, aliniachia brashi yake,
ya manyoya ya ngamia, ndivyo boksi lisemavyo,
ingawa hakuna ngamia aliyeombwa hata unywele.
Akaniachia na neno moja: usipumue.
Pumzi ni upepo,
na kitu chenye unene wa maikroni tano
upepo hukipeleka unakotaka.

Basi sipumui.
Ghorofa ya pili, mpira unampulizia mama mapafu,
mpasuaji kasimama, viganja kavikutanisha kifuani,
na kinachotoka chini ya wembe wangu
ni chembamba kuliko mkate wa rakhali,
ule bibi aliokuwa akiupaka kwa kiganja juu ya chuma cha moto
ukaiva kabla hujamaliza bismillahi.
Wake kwa moto, wangu kwa jalidi.
Nakishika ncha kwa brashi. Nakinyoosha.
Tulia, nakiambia, tulia,
kwa Kiswahili, maana hakuna anayenisikia.
Nashusha kioo chenye joto la chumba
nacho kinaruka chenyewe, kinanata, chap.

Ndipo navuta pumzi.

Zambarau. Waridi. Dakika chache za rangi.
Daktari Rayya ananyamaza juu ya hadubini
muda mrefu kuliko ninavyopenda.
Kisha anainua simu, anageukia ukuta,
na mimi naufuta wembe,
kwa sababu wembe hufutwa, liwe jibu gani.

Saa nane natoka. Mlangoni miwani inafunga ukungu,
dunia nzima inakuwa maziwa.
"Ala!" nanung'unika, nikipapasa ngazi,
na kutoka ndani ya weupe huo
sauti inanijibu kwa lugha hiyohiyo:
"Mwanangu, huko wanakomlaza mtu, kuna baridi?"

Nafuta miwani kwa upindo wa shela.
Bibi mmoja, kaketi ukingoni mwa ukuta,
chupa ya kahawa miguuni,
shali la sufi limekunjwa mara nne mapajani,
katika jua hili.

"Ipo, mama," nasema. "Mpelekee."