Kati ya Mchele na Wali

Leo nimeifungua chupa ya Eusebio,
na si kwa uchu. Ni nondo.
Mdogo, rangi ya pumba, alikuwa akitambaa
upande wa ndani wa kioo, juu ya uyoga
aliouokota mwenyewe mlimani, akaukata vipande,
akauanika juu ya magazeti katika chumba cha wageni
hata nyumba ikanuka msitu wiki nzima.
Kwenye kibandiko mwandiko wake umelala
kama mpunga uliopigwa na upepo:
*Valsesia. Oktoba.*
Mwaka hakuandika. Alidhani tutaula upesi.

Nimechambua. Vyenye matundu, nje.
Vilivyo vizima, konzi moja na kidogo,
bakulini, kwa maji ya vuguvugu.
Ukungu umeimeza Vercelli, mnara wa kanisa
sijauona tangu juzi,
na maji yakageuka rangi polepole
kama mtu anayekumbuka.
*Maji hayo hayamwagwi, Delfina,* alikuwa akiniambia.
*Yachuje kwa kitambaa. Mchanga ubaki, msitu upite.*

Mchele: konzi mbili kwa kila mtu,
moja ya sufuria.
Mkono ukahesabu wenyewe. Mbili. Mbili. Moja.
Nikazitazama zile mbili za ziada.
Nikaziacha.

Kitunguu kimelainika ndani ya siagi, kisipate rangi.
Mchele umeingia mkavu, ukilia kama changarawe,
kisha glasi ya mvinyo mweupe;
ile nusu niliyokunywa mimi haimhusu mtu.
Ukafuata uyoga, na maji yake,
na upawa wa kwanza wa supu.

Koroga.

Mama yangu aling'oa magugu katika mashamba haya,
maji magotini, mgongo umepinda siku arobaini,
na sehemu ya ujira akapewa kwa mchele.
Aliwacheka watiao krimu.
Krimu, alisema, imo ndani ya punje,
iombe kwa mwiko, itakupa.
Upawa mwingine. Usiiharakishe. Usiiache.
Shambani ni mpunga, guniani ni mchele,
sahanini ni wali,
lakini hapa, dakika hizi kumi na nane,
si mchele tena, wala haujawa wali,
hauna jina, una njaa tu:
unakunywa, unanyamaza, unaomba tena.

Saa moja kamili simu ikalia.
Ornella. Kila jioni hupiga kutoka Torino
kuhakikisha sijaanguka.
Koroga.
Ikakatika, ikalia tena.
Mwanangu, mkono wangu umeshikwa,
kwa mara ya kwanza tangu Februari mkono wangu umeshikwa.
Ikalia mara ya tatu, ndefu, ya hofu.
Nikaonja punje moja: nje laini,
kiini bado kinabisha.
Kama Eusebio mzima.
Nikazima moto.

Siagi baridi, jibini ya kukwaruza, mwiko kwa nguvu
mpaka ukatiririka kama wimbi zito.
Mfuniko. Dakika mbili lazima upumzike,
na katika hizo mbili nikampigia.

Mama! Ulikuwa wapi?
Napika.
Unapika nini?
Uyoga wa baba yako.

Kimya. Nikasikia tramu ikipita kwake,
nikasikia akivuta kamasi.
Nilidhani atanigombeza kwa kuifungua chupa.
Akauliza, sauti ya miaka saba:
*Umenibakishia?*

Sahani mbili ziko mezani, moja inafuka moshi.
Wali huu, wanasema huku, haumngoji mtu,
mtu ndiye huungoja.
Ni kweli kwa leo.
Kesho ni habari nyingine: kesho nitaugandamiza kikaangoni,
siagi kidogo, bila kuugusa,
mpaka ushike ukoko wa dhahabu chini.
Panda treni ya saa nne, nikamwambia,
na uje na chupa tupu. Hii nimeiosha,
ila kibandiko hakitoki,
na mimi sijakikwangua sana.