Vizibo Hamsini na Nane

Kasa alipanda usiku wa kuamkia Jumatatu,
wageni wa Mbudya wamesharudi Kunduchi
na maboksi yao ya barafu, na muziki wao.
Mimi nilikuwa nasugua karai.
Nikasikia mchanga unachimbwa,
nikadhani ni Mwinjuma anaficha bia.

Kulipokucha nikaiona njia yake,
pana kama ya tairi la trekta,
imetoka majini, imerudi majini,
na shimo limefukiwa nyuma ya banda langu,
pale pale ninapomwaga majivu.

Sikumpigia mtu simu.
Nilichukua viti vitatu vya plastiki, vibovu,
nikavipindua miguu juu,
nikazungushia wavu mkuukuu.
Mteja akiuliza, "Hapo pana nini?"
namjibu, "Kaburi la paka."
Mungu anisamehe.
Watu huheshimu kaburi kuliko yai.

Kila alfajiri, kizibo kimoja cha soda
ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.
Cha kumi na saba, niligombana na Mwinjuma
kwa ajili ya taa ya jenereta.
"Shangazi, giza halileti wateja."
"Wewe ulizaliwa gizani, nani alikukimbia?"
Akaifunika taa kwa ndoo, akinuna.

Cha thelathini na tatu, kaa mnazi alikuja kunusa,
mkubwa kama sufuria ya pilau.
Nikamsindikiza kwa ufagio hadi vichakani,
taratibu, kwa adabu:
yeye ni mwenyeji, mimi ndiye niliyehamia.

Ng'ambo, Msasani inawaka usiku kucha.
Mtoto wa kasa hufuata mng'ao
akidhani ndiyo bahari.
Kwa hiyo sisi tulilala mapema,
tukala viporo kwa kupapasa,
Mwinjuma akatia chumvi kwenye chai.

Cha hamsini na nane,
mchanga ukaanza kutokota kama uji.
Kichwa kimoja. Kimya. Halafu wote,
wakikanyagana kama watoto waliosikia kengele ya kutoka.
Kila mmoja aliyegusa maji
nikahamisha kizibo kimoja mfukoni.
Vizibo vikaisha, wao hawajaisha,
Mwinjuma akanikunjulia vidole vyake,
kisha, bila kuambiwa, akavua viatu.

Jumapili, mteja yule yule akauliza:
"Mama Sikudhani, kaburi liko wapi?"
"Marehemu kafufuka," nikasema.
"Changu wako, wa kukaanga au wa kuchoma?"