Kuhusu Sisi

Usiku wa tatu, Bergen, mvua haijakatika.
Gudlaug, fundi wa miamvuli, anajenga tovuti
kwa kidole kimoja.
Picha ya duka imelala kiubavuubavu;
akaigeuza, ikapinduka miguu juu,
akaiacha: mwamvuli nao si hukaushwa hivyo?

Bei ameweka. Simu ameweka, akakosea tarakimu, akarudia.

Kisha kiolezo kikamwuliza: Kuhusu Sisi.

Sisi nani?
Kiti cha Oddvar kimevaa koti tu
tangu Februari.

Akaandika "mimi". Akafuta.
Akaandika: Sisi hushona vitambaa, hunyoosha mbavu za chuma.
Hatutupi kitu upesi.

Akabonyeza chapisha.

Alfajiri, mgeni mmoja kaingia:
ni yeye mwenyewe, kwa simu,
akihakikisha mlango unafunguka.