Ngata

Benki yetu ina madirisha matatu, moja halifunguki.
Ipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya baiskeli.
Asubuhi baiskeli mlangoni huwa nyingi kuliko wateja,
maana wengine hufuata kivuli tu.

Mimi ni keshia. Nahesabu noti zinazonuka machungwa ya Muheza,
noti zenye vumbi la chokaa,
noti zilizokunjwa mara nane kwenye pindo la kanga.
Nilidhani benki ndiyo hizo.

Mwaka ule faida ilipopatikana, wenye hisa walikuja na mashati ya pasi.
Bwana Shekiondo alikwisha kuezeka banda lake
kwa gawio ambalo halijatoka.
Bi Semkiwa, mhasibu, akasimama na daftari:
"Robo mgawane. Robo tatu zikae."
"Zikae wapi? Sandukuni?"
"Kwenye mizania. Upande usiodaiwa na mtu."
Mtu akacheka huko nyuma. Tangu siku ile wakamwita Mkono wa Birika,
naye akaitika.

Jioni nikamuuliza. Hakunijibu kwa asilimia.
Aliviringa kanga yake, akaiweka utosini,
juu yake akajitwisha boksi la stakabadhi za mwaka mzima.
"Ngata hainyweki," akasema, "wala haiuzwi.
Kama hujabeba kitu, utaiona kitambaa cha bure.
Maji ni ya wenyewe, mimi nimetwishwa tu.
Haya, ongeza ndoo bila kuongeza ngata,
usikie utosi utasema nini."

Ramadhani ilipoingia, kiwanda cha kamba tulichokikopesha
kilifunga geti, mwenyewe akazima simu.
Milioni mia tatu na arubaini.
Niliiandika kwa mkono wangu, na sifuri zake
zikanitazama kama macho ya samaki barafuni.

Habari haikuhitaji baiskeli.
Saa moja asubuhi foleni ilikwisha mfikia muuza mkaa.
"Tupeni chetu!" Mama mmoja kaja na mto wa kukalia.
Bi Semkiwa akaazima nyundo,
akalifungua lile dirisha lisilofunguka,
akakaa mwenyewe, analipa.
Tukalipa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, tunalipa.
Siku ya pili foleni iliishia kwa fundi cherehani.
Siku ya tatu walifuata kivuli.

Foleni hulipwa kwa noti, hilo nililijua.
Hasara haipangi foleni. Huja usiku vitabuni,
huuliza: nianze kumla nani?
Nasi tulikuwa naye wa kumtanguliza,
zile robo tatu zisizodaiwa na mtu.
Zikaliwa, zikabaki pindo.
Fedha ya muuza machungwa haikupungua hata thumuni,
na yeye hajui kwamba kulikuwa na usiku.

Bwana Shekiondo akaniambia, "Si unaona? Hakuna kilichotokea."
Kweli.
Hiyo hakuna yake ilitugharimu milioni mia tatu na arubaini.

Sasa faida imeanza tena kuchungulia.
Kikao ni kesho, ajenda namba nne: gawio.
Bi Semkiwa anaikunjua kanga, ina alama ya boksi bado.
Anaanza kuisokota taratibu,
nami, bila kuitwa, nimeshika ncha ya pili.