Jaribio la Tano

Ya kwanza ilimkata.
Holo alirudi jioni, vumbi la kokoto hadi kwenye kope,
akafungua kifungo kimoja cha blauzi, akasema, Tazama.
Mabegani mifereji miwili,
kama njia za mvua zinavyoshuka Bugarika
zikichimba kati ya nyumba na nyumba.

Nikamwambia, Kosa langu. Nilitundika.
Nilidhani titi ni mzigo wa bega
kama ndoo ilivyo ya kichwa.

Ya pili niliitia sponji. Ikashika, ikainua,
ikamfanya msichana wa kalenda.
Kufika saa nane ilikuwa imekunywa jasho lote,
nzito kuliko ilichoajiriwa kubeba.
Tulicheka hadi Mgeta wa duka la dawa akachungulia,
nasi tukanyamaza ghafla, futi likining'inia.

Ya tatu ilikuwa na waya. Sitaisimulia.

Nilifunga cherehani Alhamisi moja
nikaenda kuketi naye Mabatini, chini ya turubai lake.
Wenzake wakauliza, Huyu anapima mawe?
Nilihesabu: nyundo juu, nyundo chini,
mara mia tatu na kitu, debe bado halijajaa.
Kila mkono ulipopanda, mkanda wa ile ya nne ulipanda nao;
mkono uliposhuka, mkanda ukabaki huko juu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Ndipo nikainua macho.
Mji huu wote umeegemea miamba,
jiwe juu ya jiwe, la juu kubwa kuliko la chini,
na hakuna aliyeyafunga kamba kutoka mbinguni.
Kinachobeba kiko chini.
Miaka kumi na tisa naishi hapa, sikuwahi kuyauliza.

Nikashuka Mlango Mmoja, nikanunua sidiria sita za mtumba
za wanawake nisiowajua, wenye vifua vya haja,
nikazifumua usiku, mshono kwa mshono,
kama mtu asomaye barua isiyo yake.
Walikuwa wamenificha mengi:
mkanda wa vidole vinne, unaokumbatia bila kukaba;
kikombe si bakuli, ni vipande vitatu,
na cha pembeni husimama wima, kikisukuma mbele taratibu
kama mama anayemtanguliza mtoto kwa wageni.
Neti nje, pamba ndani. Kamba pana, kazi yake kuelekeza tu.
Kulabu safu tatu,
maana mwanamke wa mwezi mwandamo
si yule wa mwezi mpevu.

Na umbo? Alilitaka.
Binti yake Kwangu anaolewa mwezi wa nane.
Sitaki, alisema, kukaa meza ya mbele
kama gunia lililofungwa katikati.
Mtu anaweza kupasua mwamba siku nzima
na bado akataka kutazamwa.
Hapo ndipo nilipokesha. Kubeba kunavuta juu,
umbo linavuta mbele,
na ngozi inasema, niacheni nipumue.
Ndugu watatu, kitanda kimoja.
Nikapunguza robo inchi hapa. Nikairudisha.
Nikaipunguza tena, nusu yake.

Ya tano aliondoka nayo Jumanne.
Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja.
Nikawaza, imekatika;
au anaona haya kuirudisha mara ya tano.

Jumatatu nikapanda mwenyewe.
Nilimsikia kabla sijamwona, nyundo juu, nyundo chini,
na mgongo wake, ulipotokea nyuma ya rundo,
haukuwa unajikunakuna wala kujipinda.
Nikauliza, Vipi ile?

Akafuta paji la uso kwa kiwiko,
akanitazama kama niliyekosea njia.
Ile ipi?

Hata elfu tatu iliyobaki nilisahau kumdai.