Jino Bubu

Kinanda cha Bi Lizeloti kilishushwa bandarini Wete
kimeviringishwa majamvi,
wachukuzi wanane wakikilaani kwa adabu.
Kwao Ujerumani, alisema, tungo zake arubaini
zilichapwa kwa jina la mumewe.
Sisi hatukumwuliza mume. Tulimwuliza ada ya kusomesha.

Masika ya kwanza jino moja la kati
lilivimba, likawa bubu.
Akatunga akiliruka,
na penye pengo lile
Mwanakhamis, akichambua karafuu barazani,
alikohoa.

Mwaka wa tatu tangu azikwe
fundi kutoka Unguja kalitia sauti.
Linasema vizuri, hata kupita kiasi.
Tungo zake twazipiga vilevile: kidole kinaruka,
tunasubiri
mtu akohoe.