Mita Moja na Robo

Sheria za nyumba nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo,
mahali ambapo mtu husoma hata asipotaka:
Kodi miezi sita, kwa mkupuo.
Jiko la umeme marufuku.
Mgeni aondoke kabla treni ya Mwanza haijapiga honi.

Hakuna anayezitii. Luku naijua inavyosema:
uniti kumi na tano za Jumamosi,
Jumatatu zinalia pii, pii, kama kifaranga kilichoachwa.
Usiku natembea koridoni nikinusa.
Chumba cha kwanza, mafuta ya nywele.
Cha pili, Atupakisye wa uhazili,
vidole vyake vinachapa ukingo wa kitanda hadi usingizini.
Cha tatu, maharage.
Yanatokota kwa umeme wangu,
na mwenyewe, Bukuru wa Kasulu,
anakohoa ili nisisikie mfuniko.

"Mama Nyamizi, bumu halijatoka."
Mwezi wa kwanza nilisema pole.
Wa pili nikasema hata mimi.
Wa tatu nikanyamaza, naye akaanza kupita dirishani.
Nyumba hii marehemu aliijenga kwa kiinua mgongo cha reli,
tofali kwa tofali, bati la mwisho tulikopa.
Haikujengwa kwa pole.
Mwezi wa nne nikanunua kufuli.

Alfajiri hiyo natoka nalo mkononi,
nawakuta uani, vijana watano wa Ardhi,
na jicho la chuma juu ya miguu mitatu.
"Mazoezi, mama. Mtihani Alhamisi."
Mmoja kashika fimbo ya milia, nyekundu kwa nyeupe,
kaisimika katikati ya mchicha wangu;
mwingine anaandika namba kana kwamba ua una homa.
Kuku wakasogea.
Nami, sijui kwa nini, nikasogea.

Jioni Bukuru alipita mlangoni.
Hakuleta pesa. Alileta karatasi.
"Mama, tumepima mara tatu.
Jiwe la mpaka lipo, limefukiwa na majivu yako.
Choo chote, na ukuta wa chumba cha sita,
viko kwa Mzee Mihambo.
Mita moja na robo.
Wenzangu nimewaambia tumekosea."

Sikulala. Kufuli lilikuwa chini ya mto,
la baridi, likiniuliza: sasa mlango gani?
Chumba cha sita kinaniingizia elfu thelathini na tano.
Nilianza kuzidisha, nikaacha.

Asubuhi nikajifunga kanga ya msibani, nikabisha hodi.
Mzee Mihambo alikuwa anachuja asali, hakuinua kichwa.
"Najua," akasema. "Tangu msingi.
Mumeo alikuwa ananiletea debe la mchele kila Idi.
Hatukuandikiana.
Tangu tumzike sijauona mchele.
Nikajisemea, atakuja."
Nyuki mmoja alitembea ukingoni mwa sufuria.
Idi mbili kwa mwaka, miaka tisa.
Kumbe mpangaji sugu wa Isevya nzima
ndiye huyu mwenye kufuli.

Nimelitia kwenye banda la kuku,
mlango ambao haukuwahi kufungwa.
Bukuru nimemwambia: deni lako liko palepale,
bumu likitoka usinipitie dirishani.
Jiko la umeme lete hapa.
Maharage utapikia kwangu, kwenye mkaa,
na utanibebea debe la kwanza hadi kwa mzee,
maana mgongo wangu si ule.
"Na ile karatasi, mama?"

Nimeibandika nyuma ya mlango wa choo,
chini ya sheria zangu, kwenye choo cha watu.
Leo nimekuta mtu kaongeza mstari kwa chaki,
vijikia na vitone, hatimkato.
Nimemwita Atupakisye anisomee.
Anacheka tu, mkono mdomoni,
hataki kusema.